Nifundisheje wanafunzi wa kitengo wenye miaka 11 hadi 15 ambao bado wako kwenye KKK?

Swali, kutoka kwa mwalimu mpya wa kitengo, Mkoa wa Morogoro

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine wote nawasalimu.

Nimesomea ualimu wa elimu maalumu katika fani ya ulemavu wa akili, na tangu Januari nimepangiwa kitengo, yaani darasa la wanafunzi wenye ulemavu lililomo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Kitengo kina wanafunzi 14, chumba kimoja, na mwalimu mmoja ambaye ni mimi. Mama wa jikoni hunisaidia kuwapeleka watoto chooni anapopata nafasi. Wadogo watano hawanisumbui sana, kwa sababu vitabu na zana nilizozikuta zinawafaa. Wanaoninyima usingizi ni tisa waliobaki, ambao kwa umri wangekuwa darasa la 5 hadi la 7.

Kati ya hao tisa, wanne wana ulemavu wa akili, na mmoja wao ana kifafa pia. Wawili wana usonji. Mmoja anaongea na mwingine haongei kabisa. Mmoja ana mtindio wa ubongo na mkono wake wa kulia hauna nguvu. Mmoja ni kiziwi ambaye hajawahi kufundishwa Lugha ya Alama. Wa mwisho ana ualbino, na kwa kadiri ninavyomwona hana tatizo lolote la akili. Aliletwa kitengoni baada ya kufeli mfululizo, na nadhani alifeli kwa sababu alikuwa haoni ubaoni.

Shida yangu kubwa ni hii. Wengi wao bado wako kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la kwanza na la pili, lakini miili na mioyo yao ni ya vijana. Nina binti wa miaka 14 ambaye hufunga kitabu na kukilalia kila wanafunzi wa darasa la saba wanapopita dirishani, kwa sababu kitabu chenyewe kina picha za mwanasesere na mpira. Nikimwambia asome silabi anatoka nje. Siwezi kumlaumu.

Pili, sijui nigawe vipi muda. Nikikaa na mmoja, wengine wanane wananiponyoka, na wale watano wadogo pia wananihitaji. Tatu, nimejaza mpango binafsi wa kila mwanafunzi, ule tunaouita IEP, kurasa sita kila mmoja. Mthibiti ubora wa shule aliikagua akaridhika, lakini sijaifungua tena tangu siku ile, maana hainisaidii kuamua nifanye nini Jumatatu asubuhi. Nne, yule mwanafunzi mwenye usonji asiyeongea hupiga wenzake na kukimbia kila kengele inapogongwa, na baadhi ya walimu wananishauri nitumie kiboko, jambo ambalo moyo wangu umelikataa.

Naomba ushauri wa watu waliofanya kazi hii kwa mikono yao.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu wa kitengo kwa miaka 19, Dodoma

Marahaba, mwalimu. Nimesoma swali lako mara mbili, na nikamkumbuka kijana wangu mmoja wa miaka 13 aliyekuwa akificha daftari lake ndani ya shati ili wa darasa la sita wasione anaandika herufi gani. Nilichelewa karibu mwaka mzima kuelewa kwamba hakuwa akikataa kusoma. Alikuwa akikataa kudhalilika mbele ya watu wa rika lake. Kwa hiyo nitaanzia hapo, kwa sababu mengine yote yatakwama usiporekebisha hilo.

Kiwango cha somo na umri wa mwanafunzi ni mambo mawili, na kitabu cha darasa la kwanza kimeyafunga pamoja. Kazi yako ni kuyafungua. Silabi zilezile za «su» na «ka» zimo kwenye pakiti ya sukari, na «chu» imo kwenye pakiti ya chumvi. Kusanya pakiti za unga, sabuni, majani ya chai na dawa ya meno, kadi za kliniki, tiketi za basi na mabango ya mikutano, na hivyo viwe kitabu chako cha kusomea kwa hawa wakubwa. Hakuna kijana anayeona aibu kushika pakiti ya unga, kwa sababu hata mama yake huisoma. Mwanasesere na mpira uwaachie wale watano.

Pamoja na silabi, wafundishe maneno mazima ambayo kijana lazima ayatambue hata kama hatajua kusoma kitabu: jina lake, jina la mzazi na la kijiji au mtaa wake, HATARI, SUMU, WANAUME, WANAWAKE, ZAHANATI, POLISI, na jina la kituo anachoshukia. Neno moja au mawili kwa wiki yanatosha. Liandike kwa maandishi yaleyale yanayotumika mahali lilipo, kisha mtembee pamoja mkalitafute. Binti yako wa miaka 14 mpe daftari la mahudhurio. Awe ndiye anayetafuta jina la kila mwenzake asubuhi na kuweka alama. Hilo ni zoezi la kusoma majina 14 kila siku, na wa darasa la saba wakipita dirishani watamkuta akifanya kazi ya kiranja.

Katika hesabu, weka kando vijiti na mawe kwa hawa wakubwa, utumie sarafu halisi za 50, 100, 200 na 500. Mimi huchukua fedha kidogo kutoka mfukoni mwangu na kuzihesabu mbele yao asubuhi na jioni, na katika miaka yote hii nimepoteza kidogo sana. Kijana anayejua kwamba andazi ni shilingi 200 na akitoa 500 anatakiwa kurudishiwa 300 amejifunza kutoa kwa namna ambayo haitamtoka kichwani, na zaidi ya hapo hatapunjwa dukani.

Sasa muda. Kanuni ninayoifuata ni kwamba jambo jipya mwanafunzi hulifanya akiwa mbele yangu, na kazi ya kufanya peke yake iwe ile anayoiweza tayari. Walimu wengi huvuruga mpangilio huu: wanampa mtoto kazi ngumu akae nayo mwenyewe, anashindwa, anachoka, anaanza fujo, na mwalimu anasema watoto hawa hawatulii. Gawa chumba katika sehemu tatu. Sehemu moja ni meza yako, ambapo unakaa na wanafunzi wawili au watatu wanaokaribiana kiwango kwa dakika 15. Sehemu ya pili ni ya mazoezi waliyokwisha kuyaweza, kila mmoja akiwa na boksi lake lenye jina, na ndani yake kazi tatu zilizopangwa kwa mfuatano: akimaliza ya kwanza anaiweka upande wa kulia na kuchukua ya pili. Sehemu ya tatu ni ya kazi za mikono, kama kuchambua mchele, kusuka ukili, kufuma au kushona vifungo. Kila baada ya dakika 15 wanazunguka. Wiki mbili za mwanzo usifundishe chochote kipya. Fundisha kuzunguka tu, mpaka wajue njia. Wiki hizo mbili zitakuuma, utaona kama unapoteza muda, lakini usizifupishe.

Kuhusu mpango binafsi, zile kurasa sita ziache kwenye faili. Wewe tengeneza ukurasa mmoja wa kila mwanafunzi, uubandike ndani ya jalada la daftari lake. Juu andika anachoweza leo, kwa sentensi za kweli, si «ana ulemavu wa akili wa kiwango cha kati» bali «anaandika jina lake bila kuangalia, anahesabu hadi 12, anavaa shati lakini hawezi vifungo». Chini yake weka malengo matatu tu ya muhula, moja la masomo, moja la kujitegemea na moja la kuishi na wenzake. Lengo liandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine akiingia darasani anaweza kuona kama limefikiwa au la. «Ataboresha hesabu» si lengo. «Kufikia mwisho wa Juni atanunua kitu cha shilingi 300 kwa sarafu ya 500 na kusema chenji yake, bila kusaidiwa, mara 4 kati ya 5» ni lengo. Kila siku weka alama moja: amefanya mwenyewe, amefanya kwa kukumbushwa kwa mdomo, amefanya kwa kushikwa mkono, au hakufanya. Baada ya wiki tatu safu ya alama itakuonyesha ni nani wa kusonga mbele na ni nani uliyempa lengo kubwa mno.

Kazi ndefu ivunje vipande. Kufunga kamba za viatu ni hatua saba au nane, na njia iliyonisaidia kuliko zote ni kuanza kufundisha hatua ya mwisho. Mimi nafunga kila kitu, mwanafunzi anavuta tu vitanzi mwishoni, na kiatu kimefungwa, amemaliza yeye. Akishaweza hiyo, anafanya mbili za mwisho, halafu tatu. Kila siku anaonja kumaliza, tofauti na anayeanza mwanzo na kukwama katikati kila siku. Kwa yule mwenye mkono usio na nguvu, tafuta viatu vya kubandika au kamba ya mpira, na gundisha daftari lake mezani kwa mkanda ili lisiteleze anapoandika kwa mkono wa kushoto. Nguvu zake zisiishie kwenye kamba wakati anazihitaji kwenye kusoma.

Jambo la mwisho ni hedhi, kwa sababu una mabinti wa umri huo na hukulitaja. Usisubiri siku ya kwanza. Fundisha kubadilisha pedi au kitambaa kama unavyofundisha kazi nyingine yoyote, hatua kwa hatua, kwa kutumia chupi halisi na maji ya rangi, ukiwa na mama wa jikoni au mwalimu wa kike kama wewe ni mwanamume, na umshirikishe mama wa mtoto ili nyumbani na shuleni wafanye kwa mfuatano mmoja. Weka begi dogo lenye nguo ya ndani ya akiba, sabuni na kanga.

Jibu la pili, kutoka kwa mwalimu wa wanafunzi viziwi na wasioona, Tabora

Mwalimu, mwenzangu amegusa mengi. Mimi nitazungumzia wanafunzi wawili tu, yule mwenye ualbino na yule kiziwi, kwa kuwa nahofia wote wawili wako mahali pasipowafaa, na kila muhula unaopita unawagharimu.

Mwanafunzi mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, macho yake huweza kuchezacheza yenyewe, na mwanga mkali humuumiza. Miwani huweza kumsaidia, lakini mara nyingi haimrudishii uoni kamili. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba amepewa miwani basi tatizo limekwisha. Anahitaji kukaa mbele, dirisha likiwa mgongoni au ubavuni mwake na si usoni. Anahitaji kuruhusiwa kuinuka na kusogea ubaoni wakati wowote bila kuomba. Na anahitaji mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachokiandika. Akileta kitabu karibu kabisa na pua, mwache, hakimdhuru. Mwandikie kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari. Awe na kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, na asisimamishwe mstarini kwenye jua. Losheni za kumkinga zipo, na mojawapo, Kilisun, hutengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Hayo yote yanaweza kufanyika katika darasa la kawaida, na huko ndiko anakostahili kuwa.

Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na ushahidi. Msomee maswali ya darasa la nne au la tano kwa mdomo, andika majibu yake, kisha umwonyeshe mwalimu mkuu karatasi hiyo kando ya ile aliyofeli. Mimi nilifanya hivyo kwa mwanafunzi mmoja na hakuna aliyebishana nami tena. Hakikisha pia anatambuliwa mapema kuwa mtahiniwa mwenye uoni hafifu, kwa sababu katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Usiposema mapema, atafanya karatasi ya wote.

Huyu kiziwi ana jambo zito zaidi. Mtoto wa umri huo asiye na lugha hakosi kusikia tu. Hajawahi kuuliza kwa nini, hajawahi kusimuliwa kesho kutakuwa na nini, na watu wa nyumbani wamekuwa wakimwelekeza kwa vidole kuhusu vitu vilivyopo mbele yake peke yake. Usianze na silabi wala kusoma midomo. Anza na Lugha ya Alama, na ujue kwamba huwezi kumfundisha vizuri ukiwa peke yako, kwa sababu lugha hupatikana kwa watu wanaoizungumza. Mtafute mtu mzima kiziwi katika mji wenu. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, kina matawi mikoani na kinaweza kukuunganisha. Wakati huohuo zungumza na afisa elimu maalumu wa halmashauri yako kuhusu kumhamishia shule au kitengo cha viziwi, ambako atakuwa miongoni mwa watoto 30 au 40 wanaotumia lugha moja mchana kutwa, hata bwenini. Najua wazazi huogopa kumtoa mtoto nyumbani. Waalikeni waende kuitembelea shule hiyo kwanza. Wakiona watoto wanavyocheka na kubishana kwa mikono, mara nyingi hofu hupungua.

Akiwa bado kwako, usizungumze ukiwa umempa mgongo, usisimame dirishani ambapo uso wako unakuwa giza, na jifunze kwanza ishara anazozitumia nyumbani, kisha umwonyeshe alama sahihi kando yake. Darasa zima lijifunze alama tano kila wiki. Utashangaa yule mwenye usonji asiyeongea atakavyoanza kuzitumia naye.

Jibu la tatu, kutoka kwa mzazi, Tanga

Samahani walimu, mimi si mwalimu. Ni mama wa mtoto wa miaka 13 mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, na naomba niseme kidogo kutoka upande wa nyumbani.

Kwa miaka minne ya kwanza nilikuwa nikiitwa shuleni pale tu mtoto alipokosea: amejikojolea, amempiga mwenzake, amepotea. Nikiona simu ya shule moyo ulikuwa unaruka. Mwalimu aliyekuja baadaye alianza kumpa mtoto kijidaftari, na kila Ijumaa aliandika mistari miwili, mmoja wa kile mtoto alichokifanya vizuri wiki hiyo na mmoja wa jambo la kufanya nyumbani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, kama vile «amenye vitunguu mwenyewe» au «umtume gengeni na sarafu ya 500 alete nyanya za 300». Sikuamini kwamba angerudi na chenji. Siku ya kwanza nilimfuata kwa nyuma nimejificha. Alirudi na 200 mkononi, ameikunja ngumi mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na jioni hiyo baba yake, ambaye siku zote alikuwa akisema tunapoteza nauli, ndiye aliyewasimulia majirani. Kwa hiyo, mwalimu, ukitaka wazazi wawe pamoja nawe, usituombe tuje kwenye kikao kirefu tukasomewe kurasa sita. Tupe kazi moja tunayoiweza, na utuambie jambo moja jema.

Na la pili nalisema kwa uzito. Tafadhali wafundisheni watoto hawa kuhusu miili yao. Mtoto wangu alikuwa anakumbatia kila mtu, na watu walikuwa wanaona ni upendo tu, lakini ameshaanza kuota matiti. Mwalimu alimfundisha majina ya sehemu zote za mwili bila kuficha, nani anaruhusiwa kumsaidia kuoga, salamu ya mkono kwa wageni na kukumbatia kwa watu wa nyumbani, na neno la kusema kwa sauti mtu akimgusa vibaya. Pia alimfundisha kwamba siri ya namna hiyo haiwekwi, hata kama aliyeomba iwekwe ni mtu mzima anayemjua. Sisi wazazi tunaona haya kuyasema haya, na watoto wetu ndio wanaoumizwa zaidi kwa sababu watu wanajua hawatasema au hawataaminiwa.

Jibu la nne, kutoka kwa mwalimu wa Junior School, Nakuru, Kenya

Hamjambo walimu wa Tanzania. Huku kwetu umri huu unaangukia Junior School, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, iliyoanza mwaka 2023. Kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu mtaala wetu una njia mbili: wanaoweza kufuata mtaala wa kawaida kwa marekebisho hupanda gredi kwa umri kama wenzao, na wasioweza hupanda kwa hatua, kuanzia ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, hadi ya ufundi. Nayataja haya kwa sababu moja tu: mwanafunzi wa njia ya hatua anapofikisha miaka 14, kazi kubwa ya siku yake inakuwa upishi, kilimo, ususi, usafi au ushonaji, na kusoma na kuhesabu kunawekwa ndani ya kazi hizo. Hata kama ratiba yenu haisemi hivyo, unaweza kuipanga siku yako namna hiyo kwa wale wa miaka 14 na 15. Kupima unga wa maandazi 20 ni hesabu.

Nataka hasa kumzungumzia yule kijana wa kengele. Huku viboko vilipigwa marufuku kisheria, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataja adhabu kwa mwalimu anayevunja katazo hilo, lakini hata pasingekuwa na sheria, fikiria kiboko kingemfundisha nini. Kengele inamuumiza masikioni au inamletea mabadiliko asiyoyatarajia. Ukimchapa, kengele itakuwa imeongezewa maumivu mengine. Chukua daftari, chora safu tatu, na kwa wiki mbili andika kila tukio: nini kilitokea kabla, alifanya nini hasa, na nini kilifuata. Usiandike «alikuwa mkorofi». Andika saa, mahali, nani alikuwa karibu, na alipata nini baada ya kukimbia. Kwa mwanafunzi wangu mmoja wa gredi ya 7 niligundua kwamba kengele ya saa nne haikumsumbua kamwe, kwa sababu alijua inafuatiwa na uji. Zilizomsumbua ni zile za kubadilisha somo, wakati mwalimu mmoja alipotoka na mwingine kuingia. Shida yake ilikuwa kutojua kinachofuata.

Tulimtengenezea ukanda wa kadibodi wenye picha za siku nzima, zimeshikiliwa kwa vibanio vya nguo. Kila kipindi kikiisha anaitoa picha mwenyewe na kuitia ndani ya mfuko. Dakika tano kabla ya kengele tulimgusa bega na kumwonyesha picha inayofuata. Baada ya wiki tatu tukaanza kumpeleka kwa mwalimu wa zamu ili aigonge kengele yeye. Si kila mtoto ataiweza hatua hiyo, na mwenye masikio yanayoumia sana atahitaji kwanza kuzoea akiwa mbali, au kuzibwa masikio. Huyu wangu aliipenda, kwa sababu sauti ilitoka pale alipotaka itoke. Pia alihitaji njia ya kusema «nataka kutoka», kwa hiyo tulimpa kadi nyekundu: akiionyesha, anatoka mlangoni, anakaa chini ya mti palepale, na baada ya dakika tano anarudi. Wiki ya kwanza aliionyesha mara kumi na moja kwa siku, na walimu walilalamika sana. Tuliheshimu kila mara. Ukikataa hata mara moja mwanzoni, kadi inakuwa karatasi tu, na ngumi zinarudi.

Mwulizaji

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Jana nimemsomea yule mwenye ualbino maswali ya Sayansi ya darasa la tano. Kati ya maswali 20 amepata 16, na wakati nasahihisha mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu nikiwa na karatasi zote mbili. Pakiti za unga na chumvi nimeanza kuzikusanya kwa majirani.

Naomba mnisaidie jambo moja zaidi. Mwanafunzi mwenye kifafa alianguka wiki iliyopita, na wenzangu wawili walikimbia wakisema povu linaambukiza. Mwingine alitaka kumtia kijiko mdomoni. Kama nitaanza masomo ya upishi kama mlivyoshauri, nimweke wapi?

Jibu, kutoka kwa mwalimu wa kitengo, Dodoma

Povu haliambukizi, na kifafa hakiambukizwi kwa kugusana. Waeleze walimu wenzako hayo kwenye kikao, tena mbele ya wanafunzi wakubwa, kwa sababu wao ndio watakaokuwa karibu naye uwanjani. Akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka sweta au kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, usimshikilie kwa nguvu, na usitie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, kitambaa au maji. Mtetemeko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Angalia saa tangu mwanzo. Ukizidi dakika tano, au akirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Akiamka atakuwa amechoka na amechanganyikiwa. Mwache alale, na siku hiyo usimpime kwa lolote.

Andika kila tukio kwenye daftari: tarehe, saa, muda uliochukua, na kama alikunywa dawa asubuhi. Mzazi aende nalo kliniki, kwa sababu daktari hakuwepo na wewe ndiye uliyeona. Kwenye upishi asiachwe nje. Akate mboga kwa kisu kisicho na ncha, apime unga, akande na kukata maandazi akiwa ameketi upande wa pili wa meza, na karai la mafuta ya moto lishughulikiwe na mwingine. Kuteka maji kisimani asiende peke yake. Na nguo yake ya kubadilisha iwe kwenye lile begi dogo tangu sasa.